Mahali pa Kulaza Gari

Alhamisi, 8 Juni

Redio imetangaza asubuhi kwamba masika yameingia. Kama vile tulikuwa hatujui! Dohani inatoa moshi mzito tangu alfajiri, kuni zina unyevu, na baba mkwe amenuna utadhani mimi ndiye niliyeyaita mawingu.

Nimeanza kuandika kwa sababu humu ndani huwezi kusema kitu kikabaki chako. Hamamu yetu, nyumba ya kuogea watu wa mtaa, ni mwangwi mtupu. Ukikohoa upande wa wanaume, upande wa wanawake wanakuuliza kama umemeza dawa.

Basi niseme hapa: nataka gari. Si la kwenda sokoni. Nataka gari la kwenda nalo kwenye uwanja wa mbio kule mlimani, siku ya wanaoanza, nizunguke mpaka tairi zinuke. Nina miaka thelathini na tisa. Jina langu ni Yasunori, zamani Hirakawa, sasa Orihara, kwa kuwa miaka tisa iliyopita sikuoa, niliolewa. Nilikuja kwa kina mke wangu, Chizuru, na mabegi mawili, nikachukua jina la kwao, kazi ya kwao na harufu ya sabuni ya kwao. Toka hapo nachochea moto, nasugua vigae, nalala.

Aprili iliyopita Genta alinipakia akanipeleka uwanjani. Genta ni rafiki yangu tangu sekondari, fundi wa matairi, mdomo wake hauna breki. Nilikaa pembeni yake mizunguko michache tu. Nilishika mlango kwa mikono miwili, nikapiga kelele, nikacheka mpaka nikalia. Niliposhuka nikagundua kwamba muda wote ule sikuwa nimezifikiria kuni hata mara moja.

Siku ya mwisho ya wanaoanza kabla ya vuli ni Jumatano, 19 Julai. Nikiikosa hiyo najijua, nitapoa, sitakwenda tena. Nitakuwa mtu wa kuni mpaka wanizike.

Jumapili, 11 Juni

Genta kanipeleka kuona gari la jamaa yake. La buluu, pana, limeshushwa chini mpaka paka hapiti, bomba la moshi nene kama dohani yetu. Alipoliwasha njiwa wote wa mtaa waliruka.

"Bi harusi, hili ndilo lako," Genta akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita, mbele za watu. "Nguvu kama hizi utazipata wapi tena?"

"Za kunipeleka wapi? Mimi hata kona sijui kuikata."

"Utajifunza."

"Au nitakufa."

"Basi utakufa na heshima zako."

Nikachuchumaa nikaangalia tairi la mbele kushoto. Limelika upande mmoja tu. Nikamuuliza mwenye gari liligonga nini. Akaapa halijawahi kugonga kitu. Mama yake alikuwa anatuletea chai, akasimama akafikiri. "Si ule ukuta wa posta?" akasema. Tukanywa chai, tukashukuru, tukaondoka.

Jumatatu, 12 Juni

Jumatatu hamamu imefungwa. Imefungwa kwa wateja, si kwetu. Tumebeba mbao za nyumba iliyobomolewa, tumekwangua masizi. Mvua.

Jumatano, 14 Juni

Nimepiga simu uwanjani kuuliza wanaoanza huja na magari gani. Aliyepokea anaitwa Bi Kurosu, mama mwenye sauti ya kukwaruza. Ndiye anayewafundisha wageni.

"Una gari gani?"

"Bado sina."

"Hongera! Wengi hunipigia wakishanunua upuuzi." Akakohoa. "Tafuta jepesi, la gia za mkono, ambalo halijachezewa na mtu. Tairi nzima, za ukubwa wa kawaida, kwa sababu utazila kama karanga. Breki nzima, mafuta ya breki mapya. Ndoano ya kukuvuta ukikwama. Basi."

"Na nguvu za injini?"

"Nguvu za nini, mwanangu? Gari la nguvu litakufichia makosa yako, halafu siku moja litakudai yote kwa mkupuo. Lenye nguvu ndogo litakusuta kila kona. Na chukua ambalo ukiliharibu hutalia."

Nikamwambia mimi hulia upesi. Akasema basi nichukue la bei rahisi zaidi.

Ijumaa, 16 Juni

Mvua. Kuni zimegoma kuwaka, wateja wamelalamika maji ya uvuguvugu. Baba kanitazama mimi.

Jumapili, 18 Juni

Leo nimekwenda na Chizuru kuona gari la viti viwili, paa la kukunja. Jamani! Nilipokaa ndani nilihisi kama nimevaa koti lililoshonwa kwa vipimo vyangu. Chizuru naye akakaa, akafunga mlango.

"Zuri," akasema. "Sasa Baba na Bibi tutawaweka wapi? Kwenye buti?"

"Si la kuwapakia Baba na Bibi."

"Kila kitu kwetu ni cha kuwapakia Baba na Bibi, Yasu." Akacheka, ila kicheko hakikufika mwisho.

Muuzaji alikuwa mtu mkweli. Akapitisha mkono chini ya mlango, akabonyeza bati kwa kidole, kidole kikaingia. Kutu. Akasema akilipiga bati jipya bei itapanda mara mbili. Nikashuka kama mtu anayevuliwa koti.

Jumatano, 21 Juni

Nimelipata!

Ni Vitz nyeupe ya gia za mkono, ya Bi Nomoto, muuguzi mstaafu aliyekuwa akizunguka nayo vilimani kutembelea wagonjwa majumbani. Mkwaruzo mmoja kwenye bampa, viti vya kitambaa, hirizi ya hekalu kwenye kioo. Ni gari ambalo hakuna mtu atakayegeuza shingo kulitazama. Lakini nililipandisha mlima wa hekalu nikalishusha, na breki zinashika sawasawa pande zote, gia ya pili inaingia bila kubembelezwa, na kila nilipokata kona vibaya nilijua papo hapo kwamba nimekata vibaya. Tairi zake ni ndogo, bei ya chini. Vipuri vyake vimejaa kila mahali. Bei anayotaka ni sawa na ya baiskeli nzuri ya umeme, na pesa hizo ninazo.

"Unalitakia nini?" Bi Nomoto akauliza.

"Mbio."

Akanitazama, akalitazama gari. "Hili?"

"Hilo hilo."

"Lo! Nami miaka yote hii naliendesha polepole, kumbe nalinyima raha."

Anahamia kwa binti yake Sendai tarehe kumi na tano Julai. Ataniwekea mpaka hapo. Nikichelewa analichukua mpwa wake. Nimerudi nyumbani naimba. Bibi yake Chizuru alikuwa kwenye kiti chake cha kupokelea wateja, macho amefumba, nikadhani kalala.

Alhamisi, 22 Juni

Gari ninalo, mahali pa kulilaza sina. Kwetu huwezi kuandikishiwa gari kwa jina lako mpaka polisi waone una mahali pa kulilaza, na mwenye ardhi atie sahihi na mhuri kwamba ameridhia. Uani kwetu penye nafasi ni pale chini ya banda tu, napo pamejaa kuni za Baba mpaka kwenye paa.

Nikamfuata mbele ya tanuri. Baba mkwe wangu, Teruhiko, ana miaka sitini na minane na mgongo uliopinda kwa kubeba mbao. Yeye naye alikuja nyumba hii kwa kuolewa, kama mimi. Marehemu mama mkwe ndiye aliyekuwa mtoto wa hapa, binti wa Bibi. Lakini Baba amekaa hapa muda mrefu mno, hata kuta zinadhani kazaliwa humu. Ungetegemea anionee huruma. Wapi!

"Baba, nina ombi."

Hakugeuka. Nikamweleza yote, gari, uwanja, tarehe. Nikampa karatasi. Akaisoma mpaka mwisho, akarudia toka mwanzo. Akafuta mikono, akaikunja, akanirudishia.

"Kuni zikilowa, maji hayachemki," akasema. "Mvua ikiisha."

"Baba, gari litakuwa limeshakwenda."

"Mvua ikiisha."

Jumamosi, 24 Juni

Nimeuliza tena. Mvua ikiisha.

Jumapili, 25 Juni

Nimemwekea karatasi pembeni ya bakuli lake la supu. Amekula, ameinuka, karatasi imebaki na tone la supu. Nikaenda kuchapa nyingine.

Jumatatu, 26 Juni

Nimewaza nijitoe kwenye mikono yake. Bwana Munakata, ndugu wa mbali wa nyumba hii, ana kiwanja cha kukodisha maegesho nyuma ya duka la dawa. Ndicho pekee kilicho karibu kiasi cha polisi kukubali; kwingine kote ni mashamba ya mpunga. Nafasi tupu zipo, nimeziona kwa macho yangu.

"Baba yako amesemaje?" akaniuliza.

"Amesema mvua ikiisha."

"Basi mvua ikiisha." Akanipa tikiti maji nimpelekee Baba.

Nimelibeba tikiti lile njia nzima, mwavuli sina mkono wa kuushika. Mtaa mzima umekubaliana. Popote ninapogonga, mlango unafunguliwa halafu narudishwa kwa mtu yule yule, mbele ya moto ule ule.

Jumatano, 28 Juni

Nimegombana na Chizuru. Nilimwambia nina miaka karibu arobaini na naomba ruhusa ya kipande cha ardhi kisichozidi magodoro matatu, na nanyimwa kama mtoto anayeomba peremende.

"Na mimi je?" akasema. "Wewe ulikuja na miguu yako. Mimi nimezaliwa humu. Umewahi kunisikia nikisema kesho sifungui?"

"Basi mwambie wewe. Ni baba yako."

"Usimsukume Baba."

"Kwa nini?"

"Sijui. Mama alipokuwa hai alisema tusimwambie habari za magari. Hayapendi."

Anaendesha pikapu ya kuni kila wiki, hapendi magari! Nimesugua vigae vya upande wa wanaume mpaka vidole vikachubuka. Leo namchukia. Nimeliandika, basi.

Ijumaa, 30 Juni

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Mto umekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Bi Nomoto kapiga simu. Mpwa wake amekuja kulitazama gari mara ya pili.

Jumapili, 2 Julai

Jana saa kumi jioni king'ora cha wilaya kililia. Mto unapanda, wakazi wa mtaa wa chini wahamie shule ya juu. Wateja waliruka kutoka majini, wengine wakatoka na povu kichwani. Chizuru akatangulia kwa miguu na vikongwe wa jirani. Baba akakataa kutoka.

"Moto hauachwi peke yake maji yakija," akasema. "Nitauzima kwanza. Mchukue Mama."

Mama kwake ni Bibi Fusae, mama mkwe wake, ana miaka tisini na mmoja. Nikambeba mgongoni, mwepesi kama mwavuli, nikamweka kwenye pikapu. Tulipofika shuleni nikataka kumshusha, akashika mlango.

"Ndani siingii."

"Bibi, kuna joto, kuna chai."

"Watu wote wale nimewaona uchi toka wakiwa watoto. Sina hamu ya kuwaona wamevaa."

Basi tukakaa mle, mimi na yeye, injini imezimwa, vioo vimejaa ukungu. Pikapu yetu ina viti viwili tu, na magoti yangu yanagusa dashibodi. Mvua inapiga paa huwezi kusikia unachowaza. Bibi alikuwa amepakata mkoba wake wa dharura, ule anaoulaza karibu na mto wake tangu nimjue: vibao vya majina ya marehemu, kitabu cha benki na mhuri wake.

"Karatasi yako unayo?" akasema ghafla.

Nikashtuka. Miaka tisa naamini masikio yake yamekufa nusu. "Karatasi gani, Bibi?"

"Ile unayopita nayo mbele ya mlango wangu kila siku kama muuza bima."

Ilikuwa kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni. Nikaitoa.

"Umempelekea nani?"

"Baba."

"Baba yupi?"

"Baba Teruhiko. Nimwombe uwanja."

Akanigeukia. "Teruhiko ana uwanja gani?"

Nikaelekeza kidole upande wa nyumbani. "Pale uani... si pake?"

"Pake tangu lini? Mume wangu aliniachia mimi, na mimi bado sijafa. Teruhiko ni bwana harusi, kama wewe."

Wiki nzima na zaidi nimemkaba mtu anipe kitu ambacho si chake. Mtaa mzima humwita mwenye nyumba, anayekuja kuuza kuni humpigia magoti yeye, nami sikuwahi kuwaza kuuliza.

"Kwa nini hakuniambia nije kwako?"

Bibi akafuta ukungu kwenye kioo kwa mkono wa kimono. "Huyo hajawahi kuniomba kitu tangu aingie kwangu. Hata chumvi mezani haniombi, anasubiri nimalize. Mimi nikadhani ametosheka." Akaukunja mkono wa kimono. "Tena angekuambia si pake, wewe ungemwonaje?"

Nilijua ningemwonaje.

Akafungua mkoba, akatoa mhuri, akaupulizia pumzi. "Shika karatasi, inatikisika. Gari lenyewe rangi gani?"

"Nyeupe, Bibi."

"Nyeupe inachafuka upesi. Haya." Akaandika jina lake polepole, akabonyeza mhuri kwa nguvu zake zote, akarudisha kila kitu mkobani kama vile amenunua stempu.

Ndipo mtu akagonga kioo. Baba, amelowa mpaka kiunoni, uso mweusi kwa majivu. Nikashuka akae, akakataa. Nikasema siwezi kukaa ndani yeye amesimama nje. Akasema naye hawezi kunitoa. Bibi akapiga honi. Mwisho tukapanda wote wawili nyuma kwenye bodi, chini ya turubai, kati ya vipande vya mbao, na Bibi akabaki mbele peke yake. Tulikaa hivyo maharusi wawili, bega kwa bega, maji yanatiririka shingoni. Karatasi ilikuwa kifuani kwangu na sikuthubutu kuitaja.

Alfajiri mto ukashuka. Maji yaliishia kwenye kizingiti cha hamamu.

Jumatatu, 3 Julai

Tumezoa matope. Kabla ya kwenda polisi nikamwonyesha Baba karatasi. Sikutaka kupita nyuma yake. Akaliona jina la Bibi, akaona mhuri. Hakusema mvua ikiisha. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama unavyompa mgeni.

Afadhali angenitukana. Nimepata nilichokitaka na najiona kama nimemvua nguo mzee wa watu barabarani.

Jumanne, 4 Julai

Mvua. Hajasema neno.

Jumatano, 5 Julai

Hajasema neno.

Alhamisi, 6 Julai

Chizuru kaniuliza nimemfanya nini Baba. Nikamweleza. Akakaa kwenye kigoda cha kuogea, katikati ya vigae vitupu. "Sijawahi hata kufikiria," akasema. "Nimezaliwa humu, nilidhani kila kitu ni cha Baba. Alikuwa anafanya kazi kama vile ni vyake."

Polisi walikuja kupima, wakakuta kuni. Mmoja akaandika kitu, akasema watarudi kesho jioni, nihakikishe pako wazi.

Ijumaa, 7 Julai

Niliamshwa na mbao zinagongana uani. Nikatoka mbio. Baba alikuwa anazihamisha kuni mwenyewe. Nusu alishazipanga kwenye varanda ya nyuma, nyingine chini ya ngazi, kazifunika turubai. Nikashika ncha ya pili ya boriti, tukabeba. Tukabeba tena. Tukaendelea hivyo mpaka pakawa peupe.

Akachukua ubao mrefu akaulaza chini, akapima, akausogeza.

"Mita tatu na sentimita sitini hivi, siyo?"

"Ndiyo, Baba. Umejuaje?"

"Yangu ilikuwa ndefu kuliko hiyo kwa kiganja kimoja."

Nikasimama. "Yako ipi?"

"Starlet. Nyeupe." Hakuniangalia, aliuangalia ubao. "Kila Jumapili nilipanda nayo barabara ya ziwani. Kona zile nilizijua zote. Juma la harusi nikawaza, nitailaza wapi? Itabidi nimwombe mama mkwe. Nikaona aibu. Mgeni, hata begi sijaweka chini, nadai uwanja! Nikaipeleka kwa muuzaji mji wa pili, nikarudi na basi. Waliponiuliza nikasema mimi sipendi magari."

"Bibi alikataa?"

"Sijui. Sikumwomba."

Akainuka ameshika kiuno. "Karatasi yako nilitaka kuipiga mhuri wangu. Ungekuwa uongo. Nikasema basi, nitamwomba Mama kwa niaba yako. Kila jioni nafika mlangoni kwake, nakohoa, narudi kwenye moto. Wewe umeombea ndani ya pikapu, kwenye mvua, ukapewa papo hapo." Alitaka kucheka, ikashindikana. "Siku nne hizi natafuta kosa lako. Sikuliona."

Miaka tisa nimemhesabu kuwa bawabu wangu. Kumbe alikuwa mfungwa wa zamani kuliko mimi, tena wa mlango ambao hajawahi hata kuusukuma. Nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa, nikamletea chai. Polisi walirudi jioni, wakapima, wakaondoka.

Alhamisi, 13 Julai

Kibali kimetoka, namba zimetoka. Bi Nomoto aliliinamia gari kuliaga kama mtu. Limelala chini ya banda, pembeni ya ngazi, na linanuka dawa ya hospitali.

Jumapili, 16 Julai

Genta amebadilisha mafuta ya breki na kufunga pedi mpya za breki. "Bi harusi kanunua gari la bibi," anasema kila baada ya dakika. Halafu alilijaribu barabara ya mlimani, akarudi kimya. "Linageuka vizuri," akasema. "Usimwambie mtu nimesema."

Nimemwomba Baba ruhusa ya Jumatano. Mgongo wake unamuuma, na mwenye kuchochea ni yeye peke yake. "Nenda," akasema.

Jumatano, 19 Julai

Mvua nyembamba asubuhi, lami imelowa.

Bi Kurosu ni mfupi kuliko sauti yake. Akalizunguka gari, akagusa tairi, akafungua boneti, akafunga. "Nani kakuchagulia?"

"Mwenyewe."

"Basi una nusu ya akili. Nusu nyingine tutaitafuta."

Mzunguko wa kwanza injini ilinizimikia mbele ya watu wote. Wa pili wakanipita hata waliokuwa wanaogopa. Kona ya tatu nikaingia kwa pupa, gari likageuka likanitazamisha nilikotoka, nikajikuta kwenye majani, wipa za kioo zinafanya kazi zenyewe. Hakuna kilichovunjika. Nikawasha, nikarudi.

Baadaye ikaja mizunguko kadhaa ambayo sitaisahau. Nilifunga breki mapema, nikageuza, nikasubiri, nikakanyaga, na gari likatoka konani mahali nilipotaka. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya helmeti. Kisha kwenye ile sehemu iliyonyooka nikasikia harufu ya moshi. Ilikuwa fulana yangu, moshi wa kuni. Nikamfikiria Baba mbele ya tanuri na boriti zilizolowa, nikaukosa mstari wa kona iliyofuata.

Nilirudi saa kumi na moja. Wateja wamejaa, maji yanachemka, Baba mweusi tii kwa masizi, hawezi kunyooka.

"Ile kona ya tatu," akasema, "wanaingia kwa pupa, siyo?"

"Unaijuaje?"

"Niliwahi kwenda mara moja. Funga breki kabla hujaingia, si ukiwa ndani."

Nikampa funguo. Akafuta mikono kwa muda mrefu, akaenda akakaa kwenye usukani, pale pale chini ya banda. Hakuliwasha. Nikachukua koleo nikamalizia moto.

Jumamosi, 22 Julai

Redio imetangaza asubuhi kwamba masika yamekwisha. Jua limetoka, uani kunafuka mvuke.

Nilikuwa nasugua korido nikamwona Baba. Amenyoa ndevu. Amevaa shati jeupe, lile la matanga ya mama mkwe, amelifunga mpaka kifungo cha shingoni. Akapiga magoti mbele ya mlango wa Bibi, mikono juu ya mapaja. Akakohoa. Akakaa. Nikajua sasa ataondoka, nikaacha kusugua ili asinisikie.

"Mama," akasema. "Nina ombi."

Ndani nikamsikia Bibi akijikokota.

"Jumatano... naomba Jumatano tusiwashe moto. Nataka kupanda na gari barabara ya ziwani."

Bibi akaufungua mlango kidogo, akamtazama mkwewe toka shati mpaka magoti.

"Jumatano tu?" akauliza.